Kwa Heshima ya Stika ya Kijani

Washairi wetu wamesifu mwezi, wamesifu manahodha, wamesifu hata kahawa. Stika ya kijani iliyobandikwa kwenye chaja yangu ya simu haijapata wa kuisifu. Imeandikwa IMEPITA, chini yake tarehe, na chini ya tarehe sahihi isiyosomeka. Leo namlipa deni lake, maana tunaishi wote, na kila mwaka huja mwenzake akabandikwa juu yake.

Nasaba yake ni njema. Desturi hii ya kupima vifaa vya umeme na kuvibandika stika ilikulia Uingereza, chini ya kanuni za 1989 za umeme kazini, ikafika Dar es Salaam ndani ya mabegi ya mashirika yenye makao makuu ng'ambo. Hapa ilikuta soketi za matundu matatu, nazo za kiwango cha huko huko, kilichochapishwa mwaka 1947. Ndugu wakakumbatiana. Wapo wakorofi wanaosema kanuni zile hazikuagiza kupima kila mwaka wala kubandika chochote, bali kifaa kitunzwe kisilete hatari. Na kwamba mwaka 2011 Profesa Ragnar Löfstedt, aliyepewa na serikali ya huko kazi ya kupitia sheria za usalama, alitaka waajiri wafafanuliwe jambo hili ili waache kupitiliza. Habari hizo hazijatufikia. Nadhani zinakuja kwa jahazi.

Sifa zake ndogo nazitaja kwa haraka: rangi yake inatuliza, na gundi yake ni imara kuliko mkataba wangu wa ajira. Sifa yake kuu ni uadilifu. Chaja ya simu hula wati kumi hivi. Birika la umeme hula elfu mbili. Mbele ya stika wote ni sawa. Mkaguzi huingia ofisini na mashine yake yenye taa, akachomeka birika, mashine ikalia, akabandika. Kisha hushika chaja. Chaja ina alama ya mraba ndani ya mraba, yaani imekingwa mara mbili na haihitaji ethi, ule waya wa usalama wa kwenda ardhini, kwa hiyo hakuna ethi ya kupimwa. Je, aiache? Akiiacha, uadilifu uko wapi? Huipindua, huvuta waya wake taratibu kama anayemwamsha mtoto, hubandika. Saa ya mezani yenye betri moja ndogo: imepita. Kikokotoo kinachokula mwanga wa dirishani: kimepita. Mashine ya masijala ya kubania karatasi, ambayo tangu kuzaliwa haijaonana na umeme, ilikosea tu kukaa karibu, nayo ikapita. Na stika hupenda kukaa pale pale kiwanda kilipoandika volti na wati, ikayafunika maandishi. Ni hekima. Mtu akiziona wati anaweza kuanza kujumlisha.

Tukijumlisha ndipo mambo yanapoharibika. Chumba chetu kina soketi moja nzima. Humo imechomekwa ekstensheni, na ndani yake ekstensheni nyingine, na saa nne za asubuhi mabirika mawili huchemka kwa pamoja. Plagi ya ampea 13 kwa volti 230 haifikishi wati 3,000. Mabirika hayo peke yake yanadai 4,000. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila wakati wa chai, kama ilivyoumbwa ifanye, mpaka mjuzi mmoja akaitoa akaweka kipande cha waya. Ekstensheni hiyo ina stika. Ilichomolewa, ikapimwa ikiwa peke yake bila mzigo, ikasifiwa, ikarudishwa kazini. Plagi haikufunguliwa.

Wenye chaja za pini mbili huchomeka kofia ya peni kwenye tundu la juu la soketi, lile la ethi, ili vifuniko vya chini vifunguke. Kofia ya peni ndiyo kifaa pekee cha umeme humu ndani ambacho bado hakijapewa stika.

Na ile soketi ya pili? Iko ukutani, imeungua mpaka plastiki imekunjamana. Tumeandika barua. Tumejibiwa bajeti. Tumeandika tena. Nje ya jengo, waya wa shaba wa ethi ulioshuka kwenda ardhini ulikatwa na watu wa chuma chakavu, na hakuna aliyeurudisha. Mashine ya mkaguzi hupima ethi kutoka kwenye plagi hadi kwenye bati la birika, basi; ikiwa ukuta wenyewe hauna ethi, mashine haijui na haiulizwi. Birika la stika mpya likipata hitilafu, bati lake lote litakuwa na umeme, na atakayelishika ndiye atakayekuwa waya wa ethi. Atakuwa katibu muhtasi wetu, kwa sababu ndiye anayetuchemshia chai. Hapo sioni cha kuchekesha.

Lakini waraka wa uongozi upo, umepigwa mhuri: ni marufuku kwa mfanyakazi kuingiza chaja binafsi isiyo na stika. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Stika imeuteremsha wajibu huo kutoka kwenye bodi kuu ya umeme, ambayo mlango wake umefungwa kwa kamba, hadi kwenye kidude cha wati kumi mkobani mwangu. Moto ukiwaka, faili litafunguliwa, na ndani yake zitakutwa orodha, tarehe na sahihi. Uongozi utakuwa umepita.

Waheshimiwa wenye kalamu ya kuidhinisha, ombi letu la fundi liko mezani kwenu. Fedha za mkaguzi za mwaka mmoja zingetosha kununua soketi, fyuzi na waya wa shaba. Fundi akifika hakuna haja ya kumwelekeza: soketi ni ile yenye masizi.