Boti Iliyozama Chini ya Mwembe

Shemeji yangu ana imani moja isiyotikisika: faiba haiozi. Alipoinunua ile boti kuukuu ya futi 19 kwa mzee mmoja aliyekwisha kuachana na bahari, alinipigia simu ili nimsikilize akiigonga ubavuni kwa ngumi. "Umesikia, shemeji? Hii mpaka kiama." Na kwa kuwa yeye amepanga ghorofani Kariakoo na mimi nina uwanja Kigamboni, kiama hicho kikasogezwa kwangu.

Ubavu ulikuwa mzima kweli, sibishi. Ila ganda la faiba peke yake ni jepesi na hunepa. Kinacholifanya liitwe boti ni mifupa iliyofichwa chini ya sakafu: mihimili mirefu kutoka tezi hadi omo, viunzi vinavyokata upana, na ule ubao mnene wa nyuma unaobeba injini. Katika boti nyingi za zamani mifupa hiyo ni mbao au plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba. Yaani kitu kisichooza kimeshikiliwa na kitu kinachooza, tena kimefungiwa ndani usikione kikioza. Mashua ya mbao ina adabu zaidi. Taruma likiharibika unaliona kwa macho, unaligongoa, unachonga jingine.

Tukamwita mzee mmoja fundi wa mashua, mtu wa Nungwi, ambako watoto huzaliwa wakisikia tezo ikichonga. Alipokea shikamoo zetu, akatoa nyundo ndogo mfukoni, akaanza kugonga sakafu polepole. Penye uzima mlio ni mkali: ti, ti. Penye uozo ni mzito: bu. Boti yetu ilisema bu kuanzia tezi. Karibu na usukani ikasema ti, shemeji akashangilia, kumbe mzee alikuwa amegonga betri.

Akatoboa tundu dogo kwenye mhimili. Yakatoka maji ya rangi ya chai.

"Bahari imetumaliza, mzee," akasema shemeji kwa huzuni.

"Bahari gani?" akauliza mzee. "Hii ilikuwa chini ya mwembe."

Ikabidi tufundishwe. Maji ya chumvi huuchelewesha ule ukungu unaoozesha mbao. Maji baridi ya mvua ndiyo yanayoukaribisha. Boti ilikuwa imestaafishwa miaka mingi, imefunikwa turubai lenye matundu, ikipokea masika na vuli bila kukosa. Mvua iliingia kupitia skrubu. Kila mwenye boti hupenda kuongeza kitu: kiti, kishikio cha mshipi, ndoano ya kutundikia kofia. Kila skrubu hutoboa faiba mpaka kwenye mbao, maji hufuata, na yakishaingia faiba ile ile isiyopitisha maji huyazuia kutoka. Ingeendelea kupigwa na mawimbi ya Kigamboni huenda ingekuwa hai. Iliuawa na mapumziko.

Kabla ya kung'oa mifupa, ganda lazima lishikiliwe vizuri kutoka chini pande zote. Likinepa kidogo tu wakati huo, mihimili mipya italifunga hivyo hivyo, na boti itakwenda upande maisha yake yote. Hatukuwa na viegemeo. Shemeji akaingia ndani, akatoka na chaga za kitanda cha wageni, akazikata kwa vipimo. Kitanda cha wageni, alisema, hakina mgeni.

Jioni yake mama mkwe akashuka kwenye basi la Tanga.

Mkwe wako akilazwa kwenye godoro chini, huku chaga zake zimeshika kiuno cha boti ya mwanawe, huna la kusema. Unasema "Pole, mama," unarudi kinyumenyume. Asubuhi alitoka uani, akaizunguka boti mara moja, akauliza: "Hii nayo inaumwa mgongo?"

Kazi ya kukata ikaanza. Grenda juu ya faiba hutoa vumbi jeupe laini, la kupendeza ukiwa mbali, lakini kila punje yake ni kioo. Sisi tulikuwa na barakoa, miwani na mikono mirefu. Mafundi hushauri pia kujipaka poda kabla na kuoga maji ya baridi baada. Tatizo lilikuwa kusi. Kusi huvuma kuelekea kaskazini, na kaskazini mwetu anaishi jirani ambaye kamba zake siku hiyo zilikuwa zimeanikwa sare za vitenge za kikundi chao cha akina mama, tayari kwa harusi. Mmarekani Ray Greene wa Toledo, Ohio, hutajwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuunda boti ya faiba, mwaka 1942, na historia haitaji nguo za jirani yake.

Harusi nilihudhuria. Akina mama waliingia ukumbini kwa mstari, wamependeza, na kabla muziki haujakolea mabega yakaanza kutikisika. Kisha viuno. Mmoja alijisugua kwenye nguzo kwa madaha yasiyoelezeka. Mshereheshaji akapaza sauti kwamba huu ndio mtindo wenyewe, bwana harusi akatoa noti akawatunza, na meza ya jirani ikainuka kujifunza. Mke wangu alinitazama mara moja tu. Tuliondoka kabla ya keki.

Ikafuata rezini. Rezini ya polyesta hukauka kwa kutiwa hadina kidogo mno, asilimia 1 hadi 2. Vikikutana hutoa joto, joto huharakisha mchanganyiko, mchanganyiko nao huzidi kutoa joto. Ukiipaka nyembamba, joto hutawanyika; ukiiacha imejaa chomboni, inajipika yenyewe. Tena maelekezo ya kopo hupimwa kwa nyuzi 25, hali adhuhuri yetu inakaribia 30 na haioni haya. Shemeji alipima hadina kwa kizibo cha soda. Siku hiyo Simba na Yanga walikuwa wanacheza saa kumi na moja, akaongeza vizibo vya kuwahi.

Hatukumaliza hata kuloweka kitambaa cha kwanza. Ndoo ilitoa moshi, brashi ikasimama wima kama mwiko kwenye ugali, kisha ndoo yenyewe ikalegea upande mmoja na kuketi chini. Harufu iliingia jikoni na kukaa kwenye pilau siku mbili. Ndoo, ilikuja kubainika, ilikuwa ya mama mkwe, ya kutilia udhu, aliyokuja nayo kutoka Tanga kwa sababu haamini ndoo za watu.

Kwenye mbao shemeji alitaka kutubu kwa gharama. Akaleta msaji, mbao nzito, zimenyooka, kwa bei ambayo mpaka leo haijulikani kwa mkewe. Msaji hauozi ovyo, na hilo kila mtu wa pwani analijua. Mzee wa Nungwi akaupapasa kwa mapenzi. "Mbao safi sana hii," akasema. "Itengenezee mlango." Mafuta yake ya asili, yale yale yanayoukinga na maji, huizuia rezini kushika barabara.

Kisha akaongeza jambo ambalo angeweza kulisema mapema, lakini wazee hupenda kwanza uende sokoni. Mhimili ukifunikwa sawasawa, mzigo mkubwa hubebwa na faiba iliyouzunguka. Kilichomo ndani ni umbo tu la kuifinyangia. Waunda boti wengine hutia povu gumu. Wengine hupasua mrija wa karatasi ngumu katikati, wakaulaza, wakafunika, basi. Ubao wa nyuma tu ndio unaodai plaiwudi nene ya kweli, maana boliti za injini hukaza hapo. Shemeji alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza karatasi hizo zinauzwa kwa futi au kwa kilo.

Tulitia povu. Tukazungusha kona zote kwa lipu ya rezini, kwani faiba haikunjiki kwenye kona kali; huinuka na kuacha hewa chini yake. Mzee akarudi na nyundo yake. Ti, ti, ti, mpaka omo, na safari hii betri tulikuwa tumeiondoa.

Msaji ukawa chaga mpya. Kitanda cha wageni sasa ndicho kitu imara kuliko vyote nyumbani kwangu, na mama mkwe, ambaye mgongo wake umepona, hajataja tarehe ya kurudi Tanga.

Wiki iliyopita shemeji alikuja na kishikio cha chupa, kizuri, cha chuma kisichoshika kutu, chenye matundu manne ya skrubu. Alitaka kukifunga karibu na usukani. Drili nimeificha chini ya kitanda cha mama yake. Alibisha hodi kwa heshima, akaomba aingie kutafuta kifaa chake kidogo.

"Karibu, mwanangu," akajibiwa. "Umekuja na ndoo yangu?"