Fagio Ziko Kwenye Hisabati

Jumatatu. Mwalimu mkuu ameagiza tukae baada ya vipindi tutazame kazi za watoto kwa pamoja. Tumeanza na Gredi ya 3: 402 kutoa 178. Sharti ni moja, kwanza useme unachokiona, usihukumu. Mwalimu wa dini akasema anaona doa la mafuta ya samaki. Likaandikwa. Kisha tukaona 376, daftari hili, na lile, na lile. Tumbili akaingia dirishani akatoka na mahamri ya chai. Kikao kikafungwa.

Jumanne. Nimepeleka madaftari Ukunda kutoa kopi. Kijana wa dukani amezifuta 376 kwa wino mweupe, akaandika 224. "Nimekusitiri, mwalimu," akasema. Kwa bahati alichoka katikati.

Jumatano. Tumemwita msichana mmoja atueleze. Mbili kutoa nane? "Haiwezekani. Kubwa haitoki kwa ndogo." Sasa unafanyaje? "Nageuza." 8 kutoa 2, 6. 7 kutoa 0, 7. 4 kutoa 1, 3. Hesabu zote sawa. Nani alikwambia kubwa haitoki kwa ndogo? Akatutazama mmoja mmoja, kwa adabu, akanyamaza. Maneno hayo tunayasema sote, na mwalimu mkuu ndiye huyasema kwa sauti zaidi.

Mwenzetu aliyewahi kufundisha sekondari akatukumbusha kwamba kukaa hivi pamoja si jambo geni: Wajapani wamekuwa wakichunguza masomo hivi kwa zaidi ya miaka 100, na mwaka 1998 walishirikiana na Kenya kuanzisha mradi wa SMASSE, kwa walimu wa hisabati na sayansi. Hatua zake: panga, tenda, tazama, boresha. Alieleza mpaka matatu za Msambweni zikaanza kuadimika.

Alhamisi. Tumefumua fagio za shule, tukafunga chelewa kumikumi, na mafungu kumi kuwa mia. Mwalimu wa darasa akafundisha, sisi tukakaa nyuma kuwaangalia watoto, si yeye. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mwalimu wa dini alinyoosha mkono kujibu mara kwa mara. Mvulana wa mbele yangu alifungua fungu la mia, akakata nyuzi zote, akamwaga chelewa sakafuni na kuanza kuhesabu mojamoja. Kengele ilimkuta kwenye 63.

Ijumaa. Swali lilelile, karatasi mpya. 224 zimeongezeka, 376 zimebaki chache. Imeingia 274. Hawa wamekopa mia wakaipeleka moja kwa moja kwa mamoja, makumi hayakupata kitu, na walipofika kwenye sifuri wakageuza kama zamani. Ni yuleyule wa chelewa sakafuni, na jirani zake. Mwalimu wa darasa amefurahi kupita kiasi. Anasema kosa hili angalau limekopa. Juma lijalo tunaanzia hapo.

Kiranja wa usafi amekuja kuulizia fagio. Tumemwambia ziko kwenye hisabati. Ameandika hivyo kwenye daftari lake.