Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu: Sifuri Yetu Iko Tayari

Ofisi ya Katibu wa Kampuni (chumba cha uani),
Mkonze, Dodoma.

Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania.
Nakala: Msajili wa Makampuni, BRELA.

YAH: KUWASILISHA SIFURI

Ndugu Kamishna Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yetu inayo heshima kukujulisha kwamba katika mwaka wa mapato uliopita haikuuza kitu, haikununua kitu na haikuajiri mtu. Mmetuhimiza miaka yote: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Agizo hilo tumelitii kwa ukamilifu ambao sidhani kama kuna duka nchi hii linaufikia. Hakuna hata risiti moja tuliyokwepa kutoa.

Kwa faida ya wasiotufahamu, sisi ni watoto wa mwaka 2016. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwapo tangu 1973, lakini Serikali iliposema safari hii inahamia kweli, watu wa Mkonze tulielewa kwamba neema imeshuka. Watumishi watakula, ofisi zitahitaji kufagiwa, majengo yatahitaji kokoto. Baadaye ikaja reli ya kisasa, na stesheni ikajengwa upande wetu huu huu. Kila tulipokwenda kuomba kazi jibu lilikuwa moja: mna kampuni? Basi tukasajili kampuni. Katiba yake tuliandikiwa steshenari, kijana akainakili kutoka katiba ya mtu wa Dar es Salaam, ndiyo maana mpaka leo miongoni mwa madhumuni yetu ni uvuvi wa bahari kuu na uwakala wa meli. Ukifika Mkonze, Ndugu Kamishna, utaona mizabibu, mibuyu na vumbi. Bahari tutakuonyesha siku ikija.

Zabuni haikuja pia. Mkurugenzi Mtendaji akarudi kwenye bodaboda yake, Mkurugenzi wa Fedha akaenda kulima alizeti Kongwa, na mimi Katibu nikabaki na muhuri. Kampuni ikalala. Nasema ikalala kwa sababu kufa si jambo rahisi, nitalieleza huko mbele.

Kulala, tumegundua, ni kazi. Mwaka ukianza, kabla ya 31 Machi, tunatakiwa kukadiria tutapata kiasi gani. Tunakadiria sifuri. Sifuri hiyo inagawanywa kwa awamu nne, yaani Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kila awamu tumeipa sifuri yake bila upendeleo. Kodi ya makampuni ni asilimia 30 ya faida. Tunaiunga mkono kwa moyo mkunjufu. Hata mkiipandisha ifike 90, hamtasikia mtu wa Mkonze akinung'unika. Ile kanuni ya kuzibana kampuni zinazotangaza hasara miaka mitatu mfululizo, kwamba zitozwe kodi kwenye mauzo ghafi, nayo haijatunyima usingizi. Leteni mauzo, tutaleta kodi.

Kinachotutoa jasho ni ritani ya mwisho wa mwaka, ile ya ndani ya miezi sita, ambayo kwa sisi tunaofuata kalenda ya kawaida ni 30 Juni. Kampuni hairuhusiwi kujiandikia yenyewe kwamba haina kitu. Sharti mhasibu mwenye CPA, anayetambuliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, aitazame sifuri, aridhike nayo, kisha agonge muhuri.

Mhasibu wetu ni mtu makini. Alifika na laptopu, akaomba maji ya kunywa, akaomba vitabu vya hesabu. Tukampa kaunta buku ya kwaya mbili, jina la kampuni juu ya jalada na katikati orodha ya michango ya msiba wa jirani. Akaisoma yote.

"Mali za kampuni?"

"Muhuri mmoja, na hicho kiti cha plastiki ulichokalia."

"Kilinunuliwa shilingi ngapi?"

"Mama mwenye nyumba alitupa tu, mhasibu."

"Risiti ya EFD?"

Tukatazamana. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Hatimaye kiti kiliondolewa kwenye mizania kwa kukosa nyaraka, naye akaendelea kukikalia. Alipomaliza akatukumbusha kwamba ada yake nayo ni matumizi, kwa hiyo ile sentensi ya kwamba kampuni haikununua kitu haina ukweli tena. Naomba uisahihishe huko juu. Kiasi sikitaji, mtu amefanya kazi yake. Nitasema tu kwamba ndilo tumizi kubwa la kampuni kwa mwaka mzima, na kwa kuwa kampuni haina fedha, wakurugenzi wameikopesha. Kuthibitisha kwamba hatukufanya biashara ndiyo biashara pekee tuliyofanya, na imetutia hasara.

Karibu na hapa kuna mama anauza vitumbua. Anauza kila asubuhi ya Mungu, kwa jina lake mwenyewe. Kwa kuwa yeye ni mtu binafsi, mauzo yake yasipozidi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato, wala hakuna anayemtuma kutafuta CPA wa kuvikagua vitumbua. Hilo ni jambo jema na asiguswe. Nashangaa tu kwamba mwenye mauzo ya milioni tatu na nusu anaaminika kwa neno lake, na sisi wenye mauzo ya sifuri tunahitaji shahidi aliyesomea.

Sasa nije kwa majirani zetu walioamua kukaa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inasema asiyewasilisha ritani kwa wakati atozwe kila mwezi, na kipande cha mwezi kihesabiwe mwezi. Atatozwa kilicho kikubwa kati ya asilimia 2.5 ya kodi ambayo hajalipa, na pointi ambazo ni 5 kwa mtu binafsi na 15 kwa kampuni. Asilimia 2.5 ya sifuri hata sisi tunaijua. Waliotunga sheria waliijua pia, ndiyo maana wakaweka pointi. Wakati huo pointi moja ilikuwa shilingi 15,000, na sijasikia kwamba imewahi kushuka. Kwa bei hiyo ya zamani ni 225,000 kwa mwezi, na 2,700,000 kwa mwaka mmoja wa kunyamaza. Hiyo ni theluthi mbili ya yale mauzo ambayo mama wa vitumbua anasamehewa kodi. Pamoja na hayo tunashukuru kwa heshima mliyotupa: kwenye vitabu vyenu kampuni moja iliyolala ina uzito wa binadamu watatu walio macho.

Utauliza kwa nini wasizifunge kampuni zao. Swali zuri. Anayetaka kampuni yake ifutwe BRELA anatakiwa kwanza aweke sawa taarifa za mwaka, zile zinazopelekwa ndani ya siku 28 tangu kampuni itimize mwaka, shilingi 22,000 kwa kila mwaka. Akivuka huko anakuja kwenu, ambako faili halifungwi mpaka ritani zote ziwe ndani na madeni yawe yamelipwa. Yaani marehemu aoneshe kwanza kwamba aliishi vizuri. Aliyekuwa na laki moja ya kuzungushia mtaji miaka minne iliyopita ataitoa wapi milioni kumi ya mazishi? Hatoi. Anakwenda steshenari ile ile, anasajili kampuni nyingine yenye jina linalofanana, na ile ya kwanza anaiacha mtandaoni izeeke na deni lake. Nanyi mnaliandika deni hilo kama mali ya umma. Ukiniuliza mimi, hilo ni deni la kwenye karatasi, na anayelihesabu anajidanganya kuliko Mkurugenzi wetu Mtendaji alivyojidanganya kuhusu zabuni.

Ninajua mnachokiogopa, na katika hili niweke mzaha kando kidogo. Kampuni inayosema imelala mchana inaweza kuwa ndiyo inayouza risiti feki usiku. Wapo, na ni wezi. Lakini mwizi wa namna hiyo haumizwi na ritani ya sifuri. Yeye ndiye huiwasilisha mapema kuliko wote, imepigwa muhuri vizuri, na mhasibu amelipwa siku hiyo hiyo. Anayenaswa na wavu huu ni dereva wa bodaboda aliyewahi kuitwa Mkurugenzi. Mashine za EFD mnazo tangu 2010. Mnaona nani anayo na nani hajawahi kuwa nayo, nani amelipwa na Serikali na nani hajalipwa hata senti. Kwa nini mimi nimlipe mtu aje kuwaambia jambo mnalolisoma kwenye skrini zenu?

Wenzetu wamejaribu. Uingereza, mamlaka ya kodi ikishajiridhisha kwamba kampuni imelala, inaiandikia barua, na kampuni haidaiwi ritani mpaka iamke. Kenya wao ritani tupu ni lazima, na kila Juni wanalalamikia mtandao kuelemewa, lakini faini ya kampuni iliyochelewa ni shilingi 20,000 za kwao au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo. Haipandi kila mwezi kama kodi ya chumba. Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi ilipoundwa mwaka 2024 tulitamani kuifikishia haya. Bodi ilikaa na kupitisha kwa kauli moja. Fungu la nauli lilikuwa sifuri, na lilikuwa limekwisha kukaguliwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza ni fomu ya nusu ukurasa ambayo wakurugenzi wawili wataisaini kila mwaka, bure, kwamba kampuni haikufanya kitu. Atakayebainika kudanganya, mfilisini hadi kiti cha plastiki. La pili ni kwamba adhabu ya ritani ifuate ukubwa wa kodi iliyofichwa, na pasipofichwa kitu iishie kwenye kiasi ambacho mwenye bodaboda anaweza kukilipa bila kuiuza bodaboda.

Kama hayo hayawezekani mwaka huu, basi tunaomba mtupatie zabuni. Hata ya uwakala wa meli tutaichukua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa Kampuni
(hana mshahara, kwa hiyo hana kodi ya mshahara)

Kiambatanisho: risiti moja ya EFD, ya mhasibu.