Shangazi wa Gereji: Uchafu Hauui Gari

Barua za wiki hii zote zinahusu ndani ya magari ya zamani, na kila mwandishi anauliza jambo lilelile kwa sura yake: nitoe nini, nipake nini, nibadilishe nini. Msimamo wa Shangazi ni heri usemwe mapema ili asiyeutaka afunge ukurasa: magari mengi ya zamani huharibiwa ndani na mikono inayoyasafisha kuliko na uchafu wenyewe. Wanaobisha wameandika pia, na watajibiwa.

*Shangazi, mume wangu amenunua Peugeot 504 ya mwaka 1978 na sasa tunaishi watatu. Mvua ikinyesha, mwenzangu huyo ananuka uvundo hadi sebuleni. Nimeshanunua Jiki, siki, sabuni ya unga na udi. Nianze na kipi?*
*— Mke Mwenza wa Pijo, Tanga*

Anza kwa kuvirudisha vyote kabatini, mwanangu, na Jiki uiweke mbali na siki. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa vioo gesi hiyo haitauliza nani mke mkubwa na nani mdogo. Hata ikiwa peke yake, Jiki haikufai hapa: huchuja rangi ya kitambaa na kudhoofisha nyuzi za mishono, halafu wiki mbili baadaye uvundo unarudi kama kwamba hukufanya kitu. Unarudi kwa sababu unatokana na kuvu, na kuvu huishi kwa unyevu. Hewa ikikaa muda mrefu na unyevu unaozidi asilimia 70 hivi, kuvu huota juu ya ngozi, juu ya kitambaa, hata juu ya vumbi lililotulia kwenye plastiki. Pwani yetu hufika kiwango hicho bila kusaidiwa na Peugeot. Gari linalovuja linaongezea tu. Kwa hiyo kabla ya kununua chupa nyingine, tafuta maji yanapoingilia.

Nyanyua kapeti lote. Chini yake utakuta tabaka la nyuzi zilizoshindiliwa, lililowekwa kupunguza kelele. Tabaka hilo likishalowa hukaa na maji wiki nyingi huku juu kapeti likionekana kavu, na bati la sakafu huanza kuliwa na kutu kutokea juu, upande ambao fundi wa bodi anayechungulia chini ya gari hauoni. Litoe nje likauke kabisa, au litupwe kama limeshakuwa tope. Kisha mkague mlango. Wengi hawajui kwamba maji ya mvua hupita kila siku kwenye mwanya wa kioo na kushuka ndani ya mlango. Waliolitengeneza gari walilijua hilo, ndiyo maana wakatoboa matundu chini. Matundu yakiziba kwa vumbi na rangi, mlango unageuka pipa. Tena kati ya bati la mlango na ubao wake wa ndani huwa kuna karatasi ya nailoni inayozuia maji yasiingie kwenu. Fundi aliyewahi kutengeneza kipandisha kioo huenda aliitupa akidhani ni mfuko wa dukani. Irudishe, nailoni nzito ya kawaida na gundi vinatosha. Mwisho mwambie mume aketi ndani na tochi, wewe umwagie gari maji kwa mpira ukianzia chini na kupanda taratibu hadi mpira wa kioo cha mbele, maana ukianzia juu maji yatatiririka kila mahali na hamtajua tundu lilikuwa lipi. Kazi hii huwa inapatanisha ndoa kidogo, kwa kuwa mmoja wenu analoa.

Likishakauka ndipo usafi unaanza, na ni mdogo kuliko ulivyodhani: brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi, kisha kitambaa chenye unyevunyevu na tone la sabuni ya maji isiyo kali, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Sabuni ya unga na ya mche ziache kwa mashuka. Hizo zina asili ya alkali, na ngozi ya kiti, ikiwa Peugeot yenu inayo, ilitoka kiwandani ikiwa na asidi kidogo. Ukiisugua kwa alkali mara kwa mara unaikausha na kuifanya ngumu, halafu unaisingizia uzee. Petroli ya kutoa madoa ya grisi usiiguse kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hulala sakafuni kwenye nyaya za umeme, na gari lenyewe ni la mwaka 1978. Ama udi, moshi wake utaganda kwenye kitambaa cha darini. Fukiza kanga zako.

*Shangazi, nina Volkswagen Beetle ya 1969 niliyorithi kwa babu. Fundi wa viti anasema ndani mna nyasi za ajabu zilizooza. Nitoe zote, niweke sponji mpya, reksini nyekundu yenye mishono ya almasi, na dari jipya jeusi. Bei ni nzuri. Kuna ubaya gani? Haya magari yako mengi, si ya mfalme.*
*— Mrithi, Nakuru*

Hizo nyasi za ajabu, mwanangu, ziguse tena. Kampuni nyingi za Ujerumani za enzi hiyo, Volkswagen na Mercedes-Benz zikiwemo, zilijaza viti kwa nyuzi za makumbi ya nazi au manyoya ya wanyama yaliyoshikanishwa kwa mpira. Mtu wa pwani angezitambua hata gizani: ni usumba, uleule uliojaza magodoro ya bibi zetu, na unaopatikana kwa makumbi kuzikwa miezi kadhaa kwenye maji ya ufukweni kule Paje na Jambiani kisha kupondwa. Waliuchagua kwa sababu. Hewa hupita katikati ya nyuzi, jasho linakauka, na nyuzi zikilemewa na mtu hunyanyuka tena akishashuka. Sponji nafuu ya godoro hufanya kinyume: hunywa maji ikayashika, hubonyea ikabaki imebonyea, na unene wake usipolingana na ule wa kwanza unajikuta umekaa juu sana au chini sana mbele ya usukani uleule. Fundi wako hasemi uongo akisema usumba umechakaa. Mpira unaoshikanisha nyuzi huzeeka na kuanza kumwaga vumbi la kahawia sakafuni. Lakini uliochakaa kwenye ukingo si uliokufa wote. Hubandikwa kipande kipya pale ulipomegeka, hufunikwa gunia zito juu ya spiringi ili usiliwe, na kava la zamani likarudishwa juu yake.

Unasema yako mengi. Ni kweli kuliko unavyojua: Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka Puebla, Mexico, mwaka 2003. Lakini hoja hiyo inakugeukia mwenyewe. Kwa kuwa yalikuwa mengi, mabati, bawaba na vipuri vya injini bado vinatengenezwa na kuuzwa. Kilichoadimika ni ndani yake jinsi palivyotoka kiwandani, kwa sababu kwa miaka 50 kila mrithi amekutana na fundi mwenye bei nzuri. Aina hii ya gari ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na anayelitazama la babu yako akilini mwake anaona kitu cha zama zile: viti vya rangi tulivu, mishono iliyonyooka, bati tupu la dashibodi. Mishono ya almasi ataiona kwenye basi la usiku. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likishatimiza miaka 30 na likiwa katika hali inayolingana na asili yake, na hati yake ya Turin ya mwaka 2012 inatanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kukifanya upya. Wale si watu wa kuogopa gharama. Wamejifunza tu kwamba kiti kilichochakaa kinaweza kutengenezwa kesho, mwaka ujao, hata na mjukuu wako, ila kiti kilichotupwa jalalani hakirudi.

Na hilo dari jeusi, je, fundi amekueleza kwamba kingo zake zimebanwa chini ya mipira ya vioo? Kulitoa ni kutoa vioo, kutoa vioo ni kukata mipira ya zamani, na mipira mipya ikikaa vibaya umejinunulia barua ya yule dada wa Tanga. Lioshe hapohapo kwa kitambaa chenye unyevu, kwa mkono mwepesi, na doa moja la kahawia ulisamehe.

Jambo moja ni la lazima kabla hujalala leo. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Inatakiwa iwe na kifuniko, na mara nyingi kifuniko hicho hupotea wakati wa ukarabati. Mtu mwenye uzito akiketi hapo, spiringi za kiti hushuka zikagusa vichwa vya betri, cheche zikaruka kwenye ule usumba mkavu, na magari kadhaa yameteketea hivyo. Ukiinua kiti, tazama pia bati lililo chini ya betri. Tindikali hupenda kulila.

*Shangazi, unatuharibia biashara. Mteja akija hapa anataka dashibodi ing'ae, ukimrudishia kavu anasema hujafanya kitu. Mafuta yetu ya kung'arisha yanalinda plastiki isipasuke, na kwenye chupa imeandikwa. Wewe unataka watu watembee na magari machafu?*
*— Mwosha Magari, Kinondoni*

La, nataka watembee na magari safi yasiyong'aa, na najua hiyo ni habari mbaya kwa mwenye duka la kung'arisha. Mteja wako amezoeshwa kuamini kwamba mng'ao ni usafi. Dashibodi nyingi za zamani zilitengenezwa makusudi ziwe na uso uliofifia, kwa sababu uso unaong'aa hujirudia kwenye kioo cha mbele na dereva anayeelekea magharibi saa kumi na moja jioni anajikuta akiendesha huku akitazama taswira ya dashibodi yake. Mafuta hayo mengi yana silikoni. Yakifika kwenye usukani na pedali huteleza, na hilo halihitaji utafiti. Yakitua kwenye bati, siku gari litakapopakwa rangi upya fundi atashangaa rangi inakataa kushika na kuacha vishimo. Kuhusu ulinzi, plastiki laini ya zamani hupasuka kwa sababu joto na jua huitoa ile kemikali inayoilainisha. Sehemu yake ndiyo ule utando wa mafuta unaoufuta ndani ya kioo cha mbele. Kemikali hiyo ilichanganywa kiwandani, plastiki ikiwa bado uji. Kuipaka mafuta kwa juu hakuirudishi. Ushauri wangu kibiashara ni huu: mtoze mteja wa gari la zamani bei ileile, mweleze kwamba umetumia saa nzima kwa brashi na kitambaa, na umuuzie kivuli cha kuweka kwenye kioo. Hicho kinalinda kweli.

*Shangazi, nakusoma kutoka Maskati. Nina Mercedes-Benz W123 ya baba. Viti vya reksini ni vizima, lakini dashibodi ina nyufa, mikanda ya usalama imechanika nyuzi, na sponji ya kiti cha dereva imekuwa unga. Tukikufuata wewe tutabaki na makumbusho ya nyufa.*
*— Mtoto wa Baba*

Hili ndilo pingamizi zuri kuliko yote, bwana, na sehemu yake naikubali. Mikanda iliyochanika ibadilishwe bila kuomboleza, na mipya isioshwe kwa kitu kikali kuliko sabuni laini na maji, maana nyuzi zake ndizo zitakazokushika siku ya ajali. Sponji iliyokuwa unga haina tena cha kuhifadhiwa. Weka mpya ya unene na ugumu uleule, chini ya reksini ileile. Nyaya zilizokauka nazo vilevile. Kuhifadhi hakumaanishi kuacha, kunamaanisha kwamba anayetaka kutoa kitu ndiye anayedaiwa sababu, na kuzeeka peke yake si sababu ya kutosha. Kwa kipimo hicho dashibodi yako inabaki. Kwa jua la Omani, chini ya kioo joto lake hupita nyuzi 70, na hata ukinunua nyingine kutoka gari lililokatwa Ulaya itapasuka vilevile kama gari litaendelea kulala uani. Jenga banda kwanza. Ukishakuwa na banda na bado nyufa zinakukosesha usingizi, tafuta dashibodi nzima kwa utulivu, kwa sababu W123 zilitengenezwa zaidi ya milioni 2.6 na mabaki yake bado yapo. Ya baba uifunge kwa shuka uiweke stoo. Reksini usiiguse zaidi ya kuifuta. Imevumilia miaka 40 ya jua la Maskati bila ushauri wangu.

*Shangazi, watoto wanaruhusiwa kula mandazi ndani ya Datsun ya 1973?*
*— Mama Watatu, Morogoro*

Hapana. Makombo huita panya, na panya akishazaa ndani ya kiti hatoki kwa kupigiwa honi, tena akimaliza kiti huhamia kwenye nyaya. Mandazi yaliwe nje ya gari, milango ikiwa imefungwa, na baba yao naye asimame nje pamoja nao.