Harufu Haimo Kwenye Mkataba

Tangu nijenge vyumba vya uani hapa Endagikot, Mbulu, kwa kiinua mgongo cha ualimu, deni nalijua kwa salamu. Mpangaji asiyedaiwa hunipa shikamoo akiwa mbio, miguu tayari iko barabarani. Anayedaiwa husimama, huvua kofia, huulizia magoti yangu, mbuzi wangu, na wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Akifika kuninyang'anya ndoo ya maji ili anibebee, najua kodi imelala miezi miwili.

Binti yangu anaishi Nairobi. Huko, anasema, huingii nyumba bila kuacha kodi ya mwezi mmoja kwa mwenye nyumba iwe dhamana. Ukiondoka bila kuharibu kitu unarudishiwa. Akaniambia, "Mama, na wewe anza." Kwetu tumezoea kudai miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mtu akishatoa hizo anaona amemaliza. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi ya pango, ile ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Tegemeo letu kubwa sasa ni mkataba, ambao kwa vyumba vya uani huandikwa kwenye karatasi ya daftari, sahihi mbili na muhuri wa mtaa.

Nikaongeza mstari wa dhamana kwenye karatasi yangu. Kijana wa kwanza kuusoma aliurudia mara mbili.

"Mama, sijavunja kitu, nalipia nini?"

"Hulipii. Inakaa tu."

"Ikikaa kwako itazaa?"

Akatoa, shingo upande. Nilimpenda: mpole, hana redio, hana mke, hana wageni. Alichokuwa nacho ni vitunguu saumu. Mbulu na vitunguu saumu hakuna asiyejua, lakini mimi nilidhani vinalala shambani au ghalani. Yeye alivilaza sebuleni, magunia hadi darini, akisubiri bei ipande. Kitanda alikisogeza mlangoni. Na kwa baridi yetu ya Juni nani anafungua dirisha? Mpangaji wa pili akaanza kulalamika kwamba chai yake ina ladha ya mchuzi.

Kumbe kijana ni mhasibu pia. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU, na 2023 ikapanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwenye mita ya pamoja, zamu yake ya kununua umeme ikiangukia makato, alikuja na simu mkononi, meseji imefunguliwa: "Mama, jengo ni lako." Haki yake, nikamrudishia. Meseji za LUKU alizitunza zote. Risiti za kodi ya chumba, hizo alisema panya walikula. Panya gani huyo anayekaa na vitunguu saumu?

Bei ilipopanda aliuza, akaniaga kwa heshima zote. Mwezi wa mwisho hakulipa.

"Kata kwenye ile dhamana, mama."

"Ile ni ya uharibifu. Hii harufu je?"

"Harufu haimo kwenye mkataba."

Nikasoma. Ziliandikwa kuta, kitasa, bati, kioo. Nikamtishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akaniuliza kwa upole kielelezo nitakibeba kwenye nini. Tukaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikuja mwenyewe, akaingia chumbani, akavuta pumzi, akatoka na swali moja: kijana aliuza gunia kwa bei gani? Walipomaliza kuzungumza biashara, shauri likaamuliwa: dhamana ihesabiwe kodi ya mwezi wa mwisho, na kijana anunue rangi. Alinunua. Fundi alipaka mikono miwili, akaondoka akipiga chafya.

Mstari wa harufu sasa umo. Juzi alikuja muuguzi mmoja kutazama chumba. Akasoma mkataba wote, akaingia, akasimama katikati ya sebule nyeupe kabisa, akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Mama," akasema, "shikamoo. Hapa mwenye kuweka dhamana ni wewe."