Karamu ya Kuzaliwa Ukingoni mwa Nile

Mpwa wangu, aliyetimiza miaka 30 siku ileile alipokwisha kupinduliwa na kuzamishwa na maporomoko ya Nile ndani ya mtumbwi wa mpira, tena kwa fedha alizozitoa kwa hiari yake, alitukusanya alasiri chini ya mwembe hapa Jinja ili tufanye mashauri juu ya chakula cha jioni kilichoistahili siku hiyo adhimu.

Mashauri yalichukua saa tatu. Speke mwenyewe, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika hapa mwaka 1862, nadhani hakuhitaji muda huo kuamua kwamba amekiona chanzo cha mto. Aliyetaja ngege wa kukaanga alipuuzwa. Aliyetaja roleksi, ile chapati iviringishwayo pamoja na mayai, alikemewa, kwani hiyo ni riziki ya kando ya barabara na haina hadhi.

“Malewa ninayo kikapuni, mwanangu,” alisema shangazi, aliyetoka Mbale alfajiri na kichipukizi cha mianzi ya Mlima Elgon, kilichokaushwa kwa moshi, kikichungulia chini ya kanga yake. “Nipatieni karanga na sufuria tu.”

“Shangazi, hicho si chakula cha nyumbani?”

Basi tukaenda hotelini, penye mishumaa, na mpwa wangu akaagiza kilicho ghali kupita vyote. Kililetwa kibakuli kidogo, na juu yake jani la giligilani: malewa ya karanga. Shangazi akaitazama bei, akamwuliza mhudumu kwa taadhima kama ni ya kibakuli au ya mlima.