Mmasai wa Dola Moja

Huko Ulaya kuna bibi mmoja wa Kizungu ambaye huenda sasa hivi anawaonyesha wajukuu zake picha ya Mmasai mfupi kupita kiasi, mwenye kitambi na makobazi, akiruka. Mmasai huyo ni mimi, mtoto wa Chumbageni, Tanga. Lawama zote nazipeleka kwa ile karatasi ya mavazi.

Ilirushwa kwenye kundi letu la WhatsApp kabla ya safari ya Sabasaba kwenda Ngorongoro, na aliyeirusha hajaomba radhi mpaka leo. Ni karatasi iliyoandikiwa Wazungu. Kwao Julai ni kiangazi, na wakiiwaza Afrika wanaliwaza jua, basi ikaagiza mashati mepesi, suruali za kitani, rangi za udongo. Usivae nguo za jeshi, sheria ya Tanzania hairuhusu raia kuzivaa: kweli. Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o huzifuata: kweli pia, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo, kwa kuwa mdudu yule huvutwa na bluu kutoka mbali na hupenda kutua kwenye nyeusi. Mbung'o walipewa aya nzima. Baridi ilipewa mstari mmoja: jioni, beba kitu chepesi cha kujitanda. Nikabeba taulo.

Karatu nilivumilia. Tulipolipita geti la Lodoare, gari likaanza kupanda msituni, na vioo vikawa vyeupe kana kwamba mtu amevimwagia maziwa.

Naomba niieleze baridi ile, maana nilimsumbua dereva kwa maswali mpaka akaongeza sauti ya redio. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 na nusu. Ukingo wa kreta uko kwenye mita 2,300 hivi. Mtu aliyetoka usawa wa bahari, kama mimi, anakuwa ameacha njiani nyuzi 15. Hizo ni za urefu tu. Hujaweka kipupwe, hujaweka alfajiri. Halafu kuna ukungu, na hapo ndipo nilipokutana na mtu wa kwetu. Ukungu ule ni kusi! Upepo uleule unaoyasukuma majahazi kwenda Lamu huendelea na safari ya bara, ukiwa bado na unyevu wake, mpaka unagonga mlima. Hauna pa kupita ila juu. Ukipanda, hewa inatanuka, ikitanuka, inapoa, ikipoa, mvuke unageuka matone madogo yasiyofika kuwa mvua. Matone hayo yananasa kwenye majani, kwenye ndevu za kuvumwani zinazoning'inia matawini, na kwenye shati la kitani. Ukishavuka ukingo, upepo huohuo unashuka kwenye kreta umeshajikamua, unapata joto njiani, na chini, mita 600 hivi kutoka hapo ulipotetemekea, watu wanajipepea kwa kofia. Ndiyo maana anayekwenda Ngorongoro huvaa kama kitunguu cha Mang'ola, ganda juu ya ganda, kisha hujimenya kadiri gari linavyoshuka. Mimi nilikuwa nimeshamenywa tangu Tanga.

Pale watu wanaposimama kuitazama kreta, hapakuwa na kreta. Palikuwa na wingu na watalii. Dereva akanihurumia, akavuta kutoka nyuma ya kiti shuka jekundu lenye miraba alilofunikia maboksi ya chakula. Nikajifunga. Nikavishwa na mzula wa mtu. Bado nilitetemeka, nikaanza kurukaruka ili damu itembee.

Bibi alitokea ukunguni akiwa na nguo za kaki zenye mifuko isiyohesabika na midomo ya bluu, rangi iliyokatazwa. "Jambo! Jambo! Maasai!" Akanyoosha simu. Nilitaka kueleza, ila meno yaligongana kiasi kwamba aliyafurahia kama wimbo. Akaashiria kwa mkono: ruka, ruka zaidi. Ningesimama ningeganda, basi niliruka. Wenzake wakaja. Wenzangu nao wakaja, na wao ndio waliopiga makofi. Mwishowe bibi akanitia dola moja kiganjani, akarudi garini akijisugua mikono.

Hatua chache pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja akitazama yote hayo. Alivaa jaketi nene la mtumba lenye maandishi ya Kijerumani, zipu mpaka kidevuni, na mabuti ya mpira; shuka lake lilichungulia chini kidogo tu. Hakuna mtalii aliyemgeuzia simu.

"Sopa," akaniambia.

"Nzuri, shikamoo mzee."

Akacheka mpaka akashika goti. "Sopa" haijibiwi "nzuri", hujibiwa "epa". "Marahaba. Umetoka wapi, kijana?"

"Tanga."

Kicheko kikaisha. "Tanga. Mwanangu yuko Msomera." Msomera ni Handeni, mkoani kwangu. "Kule watu wanavaa nini?"

Nikamwambia nguo nyepesi, kuna joto. Akaitikia kwa kichwa, akaliangalia shuka langu. Eneo lile la hifadhi liliundwa 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Mwaka 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera. Serikali inasema kwa hiari, na Agosti 2024 wasiokubali walijaa barabarani kusema vinginevyo. Sijui nani alipanga, lakini hesabu haikunikalia vizuri: mtoto wa mzee anapelekwa Tanga, mtu wa Tanga analipwa dola kwa kuvaa nguo za mzee, na mzee mwenyewe, kwa kuwa amevaa kwa akili, haonekani. Mtalii amelipia nauli kuja kuona shuka. Aliyemo ndani yake si lazima. Nilimpa ile dola. Aliikagua pande zote mbili kwanza.

Yaliyobaki ni madogo. Chini kwenye kreta vumbi liliipaka suruali yangu nyeupe rangi ya udongo, kama karatasi ilivyoagiza. Kwenye bwawa la Ngoitokitok mwewe alinipokonya paja la kuku. Usiku, hoteli ya ukingoni ilikuwa imetutilia vitandani mipira ya maji ya moto bila kutuambia, nami nilipogusa kitu laini chenye uvuguvugu miguuni nilitoka mpaka ukumbini.

Karatu, wakati wa kurudi, nilinunua jaketi la mtumba. Muuzaji alinitazama ninavyotetemeka kabla ya kutaja bei. Tulipofika Mombo joto lilipanda mwilini, zipu ikakataa kushuka, na nilikuja kuvuliwa stendi ya Korogwe, konda akivuta mkono mmoja na muuza machungwa mwingine.